Ombi Lina Ukubwa Wake: Hotuba Kuhusu Miito ya Biti 32 Inayotekelezwa Baadaye na Kerneli ya Biti 64

Wahandisi wenzangu, mabibi na mabwana,

Naomba tuanze na baiti kumi na sita. Programu ya biti 32 inataka kusoma faili na kumimina data kwenye bafa mbili, yaani sehemu mbili za kumbukumbu zinazoipokea. Inaandaa safu ya miundo ya iovec, na kila muundo una vitu viwili tu: anwani ya bafa na urefu wake. Kwenye biti 32, anwani ni baiti 4 na urefu ni baiti 4, kwa hiyo miundo miwili inachukua baiti 16. Tuseme bafa ya kwanza iko 0x0804c000 na urefu wake ni 0x1000, ya pili iko 0x0804e000 na urefu wake ni 0x2000.

Sasa kerneli ya biti 64, yaani kiini cha mfumo endeshi, izisome baiti hizo hizo kwa macho yake. Kwake iovec moja ni baiti 16. Anwani inayoiona ni 0x000010000804c000, kwa sababu urefu wa bafa ya kwanza umegeuka kuwa nusu ya juu ya anwani. Urefu inaouona ni 0x000020000804e000, yaani zaidi ya terabaiti 35. Na kwa kuwa iliambiwa kuna iovec mbili, inaendelea kusoma baiti 16 nyingine ambazo programu haikuziandika kabisa. Ni chochote kilichokuwa kimelala pale kwenye staki (stack), kumbukumbu ya muda ya mchakato.

Tazameni jinsi kosa hili linavyojificha. Anwani ile iko chini ya mpaka wa biti 47 ambao x86-64, usanifu wa prosesa za Intel na AMD, huwapa watumiaji kwa kawaida, kwa hiyo ukaguzi wa awali wa kerneli unaipitisha. Urefu wa ajabu nao hausababishi kelele, maana kerneli huupunguza kimya kimya hadi baiti 2,147,479,552, kikomo cha kusoma au kuandika kwa mara moja. Kosa linajitokeza pale tu kerneli inapojaribu kuandika data kwenye ukurasa usiokuwepo, na jibu linarudi kuwa -14, yaani EFAULT, kosa la anwani mbovu. Mwandishi wa programu anaangalia bafa zake, anaziona nzima, anwani ni sahihi, ruhusa ni sahihi. Atatafuta siku nzima asione kitu, kwa sababu kwake hakuna kilichoharibika.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Ombi la biti 64 likisomwa kama la biti 32, anwani 0x00007f3a1c200000 inapasuliwa: nusu ya chini, 0x1c200000, inachukuliwa kuwa anwani ya bafa, na nusu ya juu, 0x7f3a, inachukuliwa kuwa urefu, baiti 32,570. Mara nyingi hakuna kitu kwenye 0x1c200000 na jibu ni EFAULT lile lile. Lakini mchakato wenye kumbukumbu iliyowekwa chini ya gigabaiti 4 unaweza kuandikiwa data ya faili juu ya vitu vyake vingine, na ombi likarudi na jibu la mafanikio. Huo ni uharibifu wa data ambao hakuna ujumbe wa kosa utakaouelezea.

Tatizo hili katika miito ya kawaida, yaani maombi kwa kerneli ambayo programu husubiri yajibiwe, lilikwisha kutatuliwa zamani, na suluhisho lake ni la mlangoni. Programu ya biti 32 huingia kwenye kerneli kupitia mlango wake wenyewe, wenye jedwali lake la miito. Mwito unaopokea miundo yenye maumbo tofauti una toleo la utangamano. Toleo hilo husoma muundo mdogo, hupanua kila sehemu, kisha hukabidhi kazi kwa msimbo wa ndani ambao ni mmoja kwa wote. Mahali pengine msimbo wa ndani huuliza wenyewe: in_compat_syscall(), yaani, je, mwito tulio ndani yake sasa hivi ni wa biti 32? Swali hilo lina jibu sahihi kwa sababu uzi (thread, mkondo wa utekelezaji) unaotekeleza ndio uzi ulioita. Kazi yote inakwisha kabla mwito haujarudi.

Ninasisitiza neno mwito, sikusema mchakato. Kwenye x86-64, mchakato wa biti 64 unaweza kutoa amri ya int 0x80 na kuingia kwa mlango wa biti 32, rejista zake zikikatwa hadi biti 32. Kwa hiyo hata katika ulimwengu wa kusubiri, kuuliza "mchakato huu ni wa aina gani" ni kuuliza kitu kisicho sahihi. Kwenye arm64, usanifu wa biti 64 wa ARM, hali ni nyepesi kidogo, kwa kuwa hali ya biti 32 huwekwa wakati wa exec, programu inapoanzishwa, na kubaki hivyo kwa mchakato mzima, lakini msimbo unaoshirikiwa na usanifu wote haupaswi kujengwa juu ya wepesi wa usanifu mmoja.

Sasa tuingie kwenye miito isiyosubiri, ambako programu huwasilisha ombi na kuendelea na kazi zake. Nitatumia io_uring ya Linux kama mfano mkuu, maana ndiyo inayoonyesha tatizo kwa upana wake wote. Iliingia kwenye toleo la 5.1 mwaka 2019. Programu na kerneli hushiriki pete mbili za kumbukumbu: moja ya kuwasilisha maombi, nyingine ya kupokea majibu. Programu hujaza ombi kwenye pete ya kwanza, kisha huita io_uring_enter kuiambia kerneli ije ichukue.

Ombi likishachukuliwa, linaweza kutekelezwa na mmoja kati ya watatu. Wa kwanza ni uzi uleule ulioita, papo hapo, iwapo kazi inaweza kumalizika bila kusubiri. Wa pili ni uzi mfanyakazi wa kerneli, pale kazi inapohitaji kusubiri diski au inapolazimishwa kwenda nyuma. Wa tatu ni uzi wa kuchungulia, unaowashwa kwa IORING_SETUP_SQPOLL, ambao hukesha ukiitazama pete na kuchukua maombi wenyewe. Kwa huyu wa tatu, programu haiiti kerneli kabisa wakati wa kuwasilisha, labda tu uzi ukiwa umelala na unahitaji kuamshwa. Hakuna mwito. Hakuna mlango. Na kama hakuna mlango, hakuna mtu aliyeandika mahali popote kwamba mgeni huyu ni wa biti 32.

Hapo ndipo in_compat_syscall() inapogeuka mtego. Ukiiuliza ndani ya uzi mfanyakazi au uzi wa kuchungulia, itakujibu kuhusu uzi huo, si kuhusu aliyeandika ombi. Ni sawa na kumuuliza tarishi lugha anayozungumza nyumbani kwake ili ujue barua aliyobeba imeandikwa kwa lugha gani. Na kibaya ni kwamba jibu linakuwa sahihi mara nyingi: ombi likitekelezwa papo hapo, kila kitu kinakwenda vizuri. Data ikiwa tayari kwenye kashe ya kurasa, yaani nakala ya faili iliyo kwenye kumbukumbu, programu inafanya kazi. Data ikihitaji kusomwa kutoka diski, ombi linaweza kwenda kwa mfanyakazi, na hapo programu ile ile inapata EFAULT. Mtu akiona kosa linalokuja na kwenda kulingana na kashe, atashuku kumbukumbu mbovu, atashuku diski, atashuku nyuzi kugongana. Ukubwa wa neno utakuwa kitu cha mwisho kumjia akilini.

Jibu, kwa hiyo, ni moja, na mambo mengine yote nitakayosema yanatoka humo: ukubwa wa neno ni sifa ya ombi. Uandikwe pale mlango ulipokuwepo, ubebwe pamoja na ombi, na kila anayelitekeleza ausome kutoka kwenye ombi.

Kwenye io_uring mlango huo ni io_uring_setup. Mwito huo wa kuunda pete hauna njia ya kuukwepa, na wakati huo in_compat_syscall() ina jibu la kweli. Kerneli hulihifadhi jibu hilo kwenye muktadha wa pete, ctx->compat, na kuanzia hapo kila ombi linalotoka kwenye pete hiyo linasomwa kwa umbo hilo. Haijalishi ni uzi gani unaotekeleza.

Kuna njia nyingine iliyowahi kupendekezwa, na inafaa tuitazame kwa makini kwa sababu inavutia. Mwaka 2020, Christoph Hellwig, msanidi wa kerneli ya Linux, alipokuwa akiunganisha msimbo wa kusoma iovec ili uwe mmoja kwa biti 32 na 64, alipendekeza alama mpya ya uzi, PF_FORCE_COMPAT. Uzi mfanyakazi ungeiwasha kabla ya kushughulikia ombi la biti 32 na kuizima baadaye, na in_compat_syscall() ingeitambua. Uzuri wake ni kwamba msimbo wote wa chini, uliokuwa ukiuliza swali la zamani, ungeendelea bila kuguswa.

Kasoro yake ni kwamba alama ya uzi ni hali iliyofichika. Kila njia inayoiwasha lazima iizime, pamoja na njia za makosa, na njia za makosa ndizo zisizojaribiwa. Pendekezo hilo lilipingwa na halikupita. Kilichoingia kwenye toleo la 5.10 ni kitu cha wazi zaidi: import_iovec() kwa wale walio ndani ya mwito wa kawaida, na __import_iovec() yenye kigezo cha mwisho cha ndiyo au hapana, kinachosema kama safu inasomwa kwa umbo la biti 32. Wanaohudumia maombi yasiyosubiri hupitisha kigezo hicho wenyewe. Kwa maoni yangu ule ulikuwa uamuzi sahihi kabisa. Kigezo cha ziada ni usumbufu kwa mwandishi, lakini kinaonekana. Anayesoma msimbo anaona jibu limetoka wapi.

Na hili si jambo la Linux peke yake. Kwenye Windows, ambako programu za biti 32 huendeshwa kupitia tabaka la WOW64, draiva (programu inayoendesha kifaa) inayotaka kujua umbo la bafa iliyopewa huita IoIs32bitProcess na kuipa IRP, yaani ombi lenyewe. Muundo wa OVERLAPPED, unaotumika kwa maombi yasiyosubiri, ni baiti 20 kwenye biti 32 na baiti 32 kwenye biti 64, na draiva haina haki ya kukisia. Mfumo wa FreeBSD nao, kwenye aio yake (njia ya kusoma na kuandika bila kusubiri), hupitisha jedwali la kazi: moja la kawaida na moja la biti 32, lenye kazi za kusoma muundo wa mtumiaji na kazi za kumwandikia hali na kosa. Mifumo mitatu iliyojengwa na watu tofauti imefika mahali pamoja.

Tukishajua umbo linaandikwa wapi, swali linalofuata ni: kwa nini tuwe na maumbo mawili hata kidogo? Tafsiri bora kuliko zote ni ile isiyohitajika.

Aio ya zamani ya Linux ilijaribu nusu. Muundo wa iocb ulikuwa na baiti 64 na anwani ya bafa ilikuwa sehemu ya baiti 8 kwa wote, jambo jema. Lakini io_submit ilipokea safu ya pointa za miundo hiyo, na safu ya pointa ina baiti 4 kwa kila kipengele upande mmoja na baiti 8 upande mwingine. Kwa hiyo mwito ulihitaji toleo la utangamano kwa ajili ya safu tu. Io_uring iliondoa hilo. Ombi ni baiti 64 kamili, jibu ni baiti 16, na ndani yake hakuna pointa hata moja: kila anwani ni namba ya biti 64 isiyo na ishara, kila sehemu imekaa kwenye mpaka wake wa kawaida, na hakuna pengo lililoachwa kwa kompaila kulijaza inavyopenda. Sehemu ya user_data, ambayo programu huitumia kutambua jibu ni la ombi lipi, nayo ni biti 64 kwa kila mtu.

Sasa nawaomba wanaoandika programu za watumiaji wanisikilize kwa makini, maana hapa kosa ni letu na si la kerneli. Pointa ya biti 32 inawekwaje kwenye sehemu ya biti 64? Wengi huandika (uint64_t)bafa. Kompaila ya GCC, inapogeuza pointa kuwa namba pana zaidi, huirefusha kwa kufuata biti ya ishara. Anwani 0x56a01000 inabaki ilivyo. Anwani 0xf7d01000 inageuka kuwa 0xfffffffff7d01000.

Fikirini maana yake. Kwenye programu ya biti 32 inayoendeshwa juu ya kerneli ya x86-64, kumbukumbu ndogo inayoombwa kwa malloc kwa kawaida hukaa chini, kwenye 0x56 au 0x57 na kitu, na vipande vikubwa vinavyoombwa kwa mmap hukaa juu, kwenye 0xf7. Jaribio lenye bafa ya baiti 4096 linapita. Bafa ya megabaiti moja inarudi na EFAULT. Zaidi ya hapo, programu hiyo hiyo ikiendeshwa kwenye kerneli halisi ya biti 32 inafanya kazi bila shida, kwa sababu kerneli hiyo hukata nusu ya juu inapoirudisha namba kuwa pointa. Hivyo mwandishi anaapa kuwa programu yake ni nzima, na kwenye mashine yake anasema kweli. Tiba ni neno moja: (uint64_t)(uintptr_t)bafa. Pitisheni kwanza kwenye uintptr_t, isiyo na ishara, ndipo mpanue. Na msizime lile onyo la kompaila kuhusu kugeuza pointa kuwa namba ya ukubwa tofauti. Liko pale kwa ajili ya hili.

Ndani ya kerneli kuna kisa kinachofanana. Pointa iliyotoka kwa mtumiaji wa biti 32 ipitishwe kwenye compat_ptr(), isigeuzwe kwa mkono. Kwenye x86 matokeo ni yaleyale, ndiyo maana wengi hawaoni haja. Lakini kwenye s390, usanifu wa kompyuta kubwa za IBM, programu za zamani zilikuwa za biti 31; biti ya juu haikuwa sehemu ya anwani, na compat_ptr() ndiyo iliyoifuta.

Tuje kwenye muda, ambako mambo ni mazito kuliko yanavyoonekana. Muundo wa zamani wa timespec kwenye biti 32 ni baiti 8: sekunde baiti 4, nanosekunde baiti 4. Sekunde za baiti 4 zenye ishara zinafika mwisho tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 kwa saa za UTC. Toleo la 5.1, lile lile lililoleta io_uring, lilileta pia miito mipya ya muda wa biti 64 kwa mashine za biti 32. Io_uring ikachukua moja kwa moja __kernel_timespec, yenye baiti 8 na baiti 8 kwa wote. Hakuna umbo la pili la kutafsiri.

Kwa hiyo anayepeleka timespec ya zamani ya baiti 8 kwa IORING_OP_TIMEOUT, ombi la kuweka kikomo cha muda, anapata balaa. Sekunde 1 na nanosekunde 500,000,000 zinasomwa pamoja kama namba moja ya sekunde, kubwa kiasi kwamba hakuna atakayeiona ikiisha. Nanosekunde zinasomwa kutoka baiti zinazofuata, ambazo si zake. Ama atapata -22, EINVAL (thamani batili), ama atasubiri milele.

Na hata aliye na time_t ya biti 64 hajapona kabisa. Kiwango cha POSIX kinasema tv_nsec, sehemu ya nanosekunde, ni ya aina ya long, na long kwenye biti 32 ni baiti 4. Maktaba ya C hujaza baiti 4 zilizobaki kwa nafasi tupu, na nafasi tupu hiyo inaweza kuwa na takataka za staki. Kerneli inalijua hilo: get_timespec64() hufuta nusu ya juu ya nanosekunde iwapo mwito ni wa utangamano. Inajuaje? Kwa kuuliza in_compat_syscall(). Ndiyo lile swali letu, limejificha ndani ya kazi ndogo ambayo jina lake halikuonyi kitu. Ikiitwa kutoka uzi ambao haumo kwenye mwito wa biti 32, takataka hazifutwi. Kwa hiyo tumieni __kernel_timespec yenyewe, na mwijaze sifuri kwanza. Na mnaopitia msimbo wa kerneli, msitosheke kutafuta swali hilo kwenye faili lenu. Lifuateni hadi kwenye kazi mnazoziita.

Nafasi za kujazia zina mtego wao mwingine. Muundo wenye namba ya biti 32 ikifuatwa na ya biti 64 ni baiti 12 kwenye i386 (x86 ya biti 32), kwa sababu huko namba ya biti 64 ndani ya muundo huridhika na mpaka wa baiti 4. Kwenye x86-64 ni baiti 16. Kwenye ARM ya biti 32 ni baiti 16 pia. Anayejaribu kwenye ARM peke yake ataona maumbo yanalingana na kutangaza ushindi. Ukiunda muundo mpya utakaovuka mpaka wa kerneli, jaza mapengo wewe mwenyewe kwa sehemu zenye majina, dai ziwe sifuri zinapoingia, tumia __aligned_u64, kisha endesha pahole, zana inayoonyesha mpangilio wa miundo, juu ya matoleo yote mawili na ulinganishe. Mapengo yasiyo na jina yana hatari ya ziada wakati wa kutoka: kerneli ikimnakilia mtumiaji muundo mzima bila kuusafisha, inamvujishia baiti za kumbukumbu yake.

Yapo maumbo ambayo hatuwezi kuyasawazisha kwa sababu yalikuwepo kabla yetu. Iovec ni mojawapo, na kumbukeni kwamba haiji kwenye kusoma na kuandika tu: usajili wa bafa za kudumu kupitia io_uring_register nao hupokea safu ya iovec, na lazima usomwe kwa umbo la pete. Lakini lililo gumu kuliko yote ni msghdr, muundo wa kutuma na kupokea ujumbe kwenye soketi. Kwenye biti 32 ni baiti 28, kwenye biti 64 ni baiti 56. Ndani yake kuna pointa ya iovec, ambazo nazo zina maumbo mawili. Kuna pia pointa ya ujumbe wa udhibiti, na kichwa cha kila ujumbe wa udhibiti ni baiti 12 upande mmoja na 16 upande wa pili, huku kila ujumbe ukipangwa kwenye mpaka wa baiti 4 au 8. Kupeleka namba moja ya faili kwa SCM_RIGHTS, ujumbe wa udhibiti unaokabidhi faili lililofunguliwa kwa mchakato mwingine, kunahitaji nafasi ya baiti 16 kwa programu ya biti 32, na baiti 24 kwa ya biti 64.

Na recvmsg, mwito wa kupokea ujumbe, haiishii kusoma. Baada ya data kufika, pengine dakika nyingi baada ya ombi kuwasilishwa, kerneli lazima imrudishie mtumiaji urefu wa anwani, urefu wa udhibiti na alama, kwa umbo lake. Kwa hiyo umbo linahitajika mara mbili: wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Wengi hukumbuka la kwanza na kusahau la pili. Io_uring huweka MSG_CMSG_COMPAT kwenye alama za ujumbe pale ctx->compat inapokuwa kweli, na mfumo wa mtandao wa chini huibeba alama hiyo hadi mwisho. Alama hiyo ilikuwepo tangu zamani kwa ajili ya miito ya kawaida. Msimbo wa soketi, kwa bahati njema, ulishazoea kubeba umbo ndani ya ombi.

Draiva zinazopokea amri zao kupitia IORING_OP_URING_CMD zina nafasi ya baiti 16 ndani ya ombi la kawaida, au 80 katika ombi la baiti 128. Mwandishi wa draiva akijaza nafasi hiyo namba za ukubwa uliowekwa, hana la kutafsiri. Akiweka humo anwani inayoelekeza kwenye muundo wenye long, basi asome alama ya IO_URING_F_COMPAT katika alama anazopewa na ombi. Asitegemee mazoea ya ioctl, mwito wa zamani wa kuzipa draiva amri. Namba ya amri ya ioctl kwa kawaida ina biti 14 za ukubwa wa muundo, kwa hiyo muundo ukiwa na baiti 12 na 16, namba zenyewe zinatofautiana na draiva inaweza kutambua. Miundo miwili ikiwa na ukubwa sawa lakini mpangilio tofauti, namba hazisemi kitu.

Swali linaloulizwa kila mara: je, pete ikiundwa na mwito wa biti 32 kisha ikatumiwa na biti 64? Inawezekana. Mchakato unaweza kurithisha namba ya faili ya pete kwa mwanawe, akaondoa alama ya kufunga wakati wa exec, na programu mpya ikaweka tena pete kwenye kumbukumbu yake. Jibu la io_uring ni kwamba pete hubaki na umbo la muundaji wake. Anayeitumia ajaze miundo kwa umbo hilo au aunde pete yake. Nimesikia hoja kwamba kila ombi lingepaswa kubeba umbo lake lenyewe ndani ya baiti zake 64. Sikubaliani nayo: hilo lingempa mtumiaji uwezo wa kubadilisha tafsiri ya ombi moja baada ya jingine, na kuongeza njia za msimbo ambazo hakuna mtu angezijaribu, kwa manufaa ya hali ambayo karibu haipo.

Lipo jambo moja ambalo "ndiyo au hapana" haliwezi kulibeba vizuri, nalo ni x32. Huo ni mtindo ulioingia Linux 3.4 mwaka 2012: rejista za biti 64, pointa za baiti 4, na miito inayotambulika kwa biti 0x40000000 kwenye namba yake. in_compat_syscall() hujibu ndiyo kwake. Iovec yake ni ndogo kama ya i386, lakini namba zake za biti 64 hukaa kwenye mpaka wa baiti 8 na sekunde zake ni za biti 64. Anayedhani kwamba utangamano maana yake ni i386 atakosea kwa x32 kwenye muda na kwenye mpangilio wa miundo.

Na sasa kujaribu. Jengeni programu ileile mara mbili, mara moja kwa chaguo la kompaila la -m32, na mwiendeshe ile ya biti 32 juu ya kerneli ya biti 64 yenye CONFIG_IA32_EMULATION. Zana ya strace itawathibitishia kuwa mchakato unaendeshwa kwa hali ya biti 32. Kisha lazimisheni njia zote tatu. Ombi la kawaida juu ya faili lililo kwenye kashe litawapa njia ya papo hapo. Ombi hilo hilo likiwekewa IOSQE_ASYNC litapelekwa kwa mfanyakazi moja kwa moja, hamhitaji kumwaga kashe wala kubahatisha. Pete iliyoundwa kwa IORING_SETUP_SQPOLL itawapa njia ya tatu. Kwa kila njia, jaribuni readv yenye iovec mbili au zaidi, kwa sababu iovec moja inaweza kuficha kosa la kuruka kutoka iovec hadi inayofuata, sajilini bafa, pokeeni ujumbe wenye SCM_RIGHTS na mhakiki urefu wa udhibiti uliorudi, wekeni muda wa kusubiri wenye nanosekunde zisizo sifuri.

Chukueni bafa zote kutoka mmap, si malloc, ili anwani ziwe juu ya 0x80000000. Na baada ya kuweka iovec kwenye safu, zijazeni baiti zinazoifuata safu hiyo namba za makusudi, kwa mfano 0xa5 kila baiti. Kerneli ikivuka mpaka na kuzisoma, mtapata anwani ya 0xa5a5a5a5a5a5a5a5 na urefu hasi, na ombi litakataliwa palepale kwa EINVAL badala ya kupita siku ambayo staki ilikuwa na sifuri.